Kaka Yangu Aliyeandika Wasifu wa Marehemu

Hapa Sydney, kwetu Warundi, mtu akifariki wafiwa hupiga simu mbili: moja kwa mchungaji, ya pili kwa kaka yangu Vénérand. Mchungaji huzika. Vénérand huandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kanisani kabla ya jeneza kutoka.

Kazi yake ya mshahara ni kufunga maboksi katika kiwanda kimoja cha Smithfield. Palipo na msiba, akitoka kazini huenda kwa wafiwa na daftari na penseli, akawasikiliza. Alijiwekea sheria moja. Akishasoma, daftari huwaachia wafiwa, na kwa wiki mbili hashiki penseli. Hupalilia mchicha wake nyuma ya nyumba yetu, Rooty Hill.

"Nikibaki na wafu wa watu kichwani, Irankunda, nitawachanganya," aliwahi kuniambia. Nilicheka.

Mwezi wa nne Mungu alimchukua mama yetu. Siku ya mazishi Vénérand hakuweza hata kusimama. Akasema wasifu wa mama atausoma siku ya kuondoa matanga, mwezi wa sita, na kabla ya hapo hataandika wa mtu yeyote.

Wiki ya tatu baada ya mazishi simu yake ililia akiwa bafuni. Nikaipokea. Alikuwa Elvire, Mama Iteka, tunayesali naye. Mumewe amefariki. Kwetu mfiwa haambiwi hapana. Tena niliamini kazi ya Mungu itamponya kaka. Nikajibu, "Atakuja leo."

Nilipomwambia, alichukua koti lake akavaa. Nikamsindikiza.

"Andika ukweli, mwandishi," Elvire alimwambia huku akijifuta machozi. "Usimfanye mtakatifu. Mume wangu alikuwa mkorofi!"

"Mama Iteka, kanisa zima linamjua. Nikimfanya mtakatifu atafufuka kwa aibu."

Sebule nzima ikacheka. Nilimshukuru Mungu, nikidhani kaka amerudi.

Jumamosi, kwenye mazishi, alisoma vizuri hadi ukurasa wa pili. Hapo akasema marehemu alivuka mto Malagarasi kukimbilia Tanzania na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kitenge cha kijani, maji yamemfika kifuani, akimwimbia ili asilie. Watu wakageukiana. Baba Iteka alikimbilia Kongo. Malagarasi hakuwahi kuuona. Aliyevuka ni mama yetu. Mtoto alikuwa Vénérand.

Elvire aliinuka taratibu. Hakuwa na hasira.

"Vénérand, huyo si wangu," alisema. "Huyo ni wa kwenu."

Kaka alikunja karatasi akaketi. Mchungaji ndiye aliyemalizia ibada.

Tangu siku hiyo hakuandika. Nilifunga siku tatu nikimwombea. Nilimnunulia daftari jipya. Likakaa mezani na karatasi yake ya nailoni. Mwishowe nilimwomba msamaha.

"Hukufanya kwa ubaya, dada," alisema. "Lakini nilichokuwa nacho cha mama nilikitoa pale, mbele ya jeneza la mtu mwingine. Sasa nikianza tu, namwona Baba Iteka ndani ya maji."

Nilimpa Zaburi asome. Aliisoma, akanirudishia Biblia.

Siku ya kuondoa matanga niliamka mapema nikajaribu mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne katika kambi ya wakimbizi, barua naziweza. Niliandika kwamba mama alikuwa mwema, mcha Mungu, mwenye upendo. Nikasoma, nikaona ni mama wa mtu yeyote. Nikachana.

Kanisani mchungaji aliita, "Tusikie wasifu wa mama yetu Nibigira."

Vénérand hakuinuka. Nilimshika mkono. Niliomba kimoyomoyo Mungu ampe hata sentensi moja. Mchungaji alitutazama, akasubiri, kisha akasoma kilichokuwa kwenye kitambulisho cha mama: jina, na Januari mosi, tarehe ya kuzaliwa waliyopewa wengi wetu kambini.

Haikufika dakika moja. Watu walibaki wakitazama mbele, wakidhani bado anaendelea.