Marumaru ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoweka lile sanamu la marumaru katika bustani yake mtaani Thongpiny, hapa Juba, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sanamu gani lisilo na kichwa wala mikono? Lilikuwa jiwe jeupe lililopinda kama mtu aliyeinama kuokota kitu, na tundu kubwa katikati. Lilikuwa limeletwa kwa lori kutoka Nairobi, limezungushiwa magodoro.

"Hii ni sanaa ya kisasa, dada," akaniambia.

Nikamjibu kwamba, ya kisasa au ya zamani, kuku watalinyea tu. Moyoni nilikuwa naungua. Kwangu, mtaani Gurei, nina ua wa mabati na mwarobaini, na hakuna mgeni aliyewahi kuja kupiga picha na mwarobaini wangu.

Hata hivyo ningevumilia, kama si mama. Tulikuwa tumemhamisha kutoka Kenya, tulikokulia, akawa anakaa wiki kwangu na wiki kwa mdogo wangu mpaka achague nyumba ya kuishi moja kwa moja. Nilimtaka mama kuliko kitu chochote. Mimi ndiye mkubwa! Nilinunua feni ya sola, nikabadilisha godoro, nikampikia bamia kavu anavyoipenda. Naye akifika tu, kabla hajavua viatu, anauliza kama kule wamekumbuka kulipangusa jiwe vumbi.

Kwa mdogo wangu, jua likiwa kali, mama alitandika mkeka bustanini na kuegemeza mgongo kwenye marumaru. Juba yote huwaka, lile jiwe likabaki baridi upande wa kivulini. Nikawa mwanamke mzima anayelionea wivu jiwe. Niliposikia kwamba limau huacha doa kwenye marumaru, nilisimama sokoni nikiwa nimeshika limau, nikalirudisha kwa muuzaji.

Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kumchukua. Nilimkuta ameliegemea, amefumba macho. Nikaketi kando yake.

"Mama, hili jiwe lina nini ambacho kwangu hakipo?"

"Lina baridi."

"Si nimekuwekea feni?"

"Feni ni kwes, nzuri kabisa. Lakini kwako nikiingia tu, unaniuliza. Kule umekula nini? Umepewa nini? Nani anapika vizuri? Mwanangu, nimechoka kujibu. Hili jiwe haliniulizi kitu. Nitakaa hapa."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Nilitaka kumwambia kwamba nimeelewa, sitauliza tena, twende Gurei sasa hivi. Nikafungua mdomo.

"Na mdogo wangu," nikajisikia nikisema, "huwa hakuulizi?"

Mama alinitazama, kisha akageuka na kulaza shavu lake kwenye jiwe.