Wasifu wa Mtoto Aliyesoma Nyumbani

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo bado naikumbuka, mwanangu, na nitakusimulia kwa sababu umenijia na swali nililowahi kuwa nalo mimi. Umesema mtoto wako ana kifafa, shule imemrudisha, na sasa mnataka kumfundisha nyumbani. Kusoma mtaweza, hesabu mtaweza. Unauliza historia mtaipata wapi. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nakuambia tu yaliyonipata.

Binti yangu Tumaini alikuwa anaanguka kama wako. Akianguka darasani wenzake walikimbia, wakasema povu lake linaambukiza. Njiani kuna mto, na sikuwa na mtu wa kumvusha kila asubuhi. Baba yake na mimi tukaamua abaki hapa kijijini kwetu, Ramadhani, tumfundishe wenyewe. Watu walidhani tunamficha kwa aibu. Haikuwa aibu. Tuliogopa.

Kusoma alijifunza kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Hesabu tulizifanya kwa viazi, jikoni, huku tukiota moto. Historia ndiyo iliyonishinda. Nilimnunulia kitabu kilichotumika, sokoni Makambako, kimechanika mbele na nyuma. Alikisoma chote, kisha akaniuliza, "Mama, sisi tuko ukurasa gani?"

Nikamwambia nitatafuta kitabu kingine. Mama mkwe wangu alikuwa anamenya viazi pale pembeni. Akaweka kisu chini.

"Unatafuta kitabu, na Mzee Yusto yuko Makambako anakohoa? Yule alikwenda manamba. Mpeleke mtoto akamwulize."

"Nitampeleka tukishavuna, mama."

"Mkishavuna! Kwani yeye ni kiazi, akusubiri ardhini?"

Niliona haya, mwanangu. Kesho yake tukapanda basi.

Mzee Yusto alikuwa mdogo wake baba mkwe wangu. Wakati wa ukoloni alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa huku, wakapelekwa Tanga kukata mkonge. Hao ndio walioitwa manamba. Tulimkuta anaota jua mlangoni kwake.

"Kamwene, babu," Tumaini alimwamkia.

"Kamwene. Mmeniletea pombe ya ulanzi?"

"Hapana, babu. Nimekuja kusoma historia."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Haya. Leo utaisoma kavukavu."

Akamweleza habari za lori, na blanketi alilopewa kila mtu, na mkonge ulivyowachoma mikono. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, siku yako haikuandikwa kwenye kipande, ile kadi ya kazi, ukawa umeifanya bure. Akamweleza habari za rafiki yake waliyeondoka naye kutoka kijiji kimoja, akamtaja kwa jina na kwa ukoo. Aliugua homa, akafa, wakamzika pembeni ya shamba la mkonge. Kwao hawakupelekewa habari.

"Sasa mama yake alijuaje?" Tumaini akauliza.

Mzee akamjibu, "Hakujua. Mimi niliporudi nikamkuta bado anamwekea chakula."

Hapo Tumaini akaanguka. Mzee hakukimbia wala hakupiga kelele. Alimgeuza ubavu, akamwekea koti lake chini ya kichwa, akasubiri. Mtoto alipopata fahamu na kukaa sawa, mzee akaendelea kumsimulia kuanzia pale alipoachia.

Tulikwenda tena na tena, mpaka mzee akafa. Hakukuwa na mtu mwingine wa ukoo aliyewahi kumwuliza. Tumaini akawa anawasimulia watoto wa majirani waliposimama uani kwetu wakitoka shule, na wengine walichelewa kufika kwao kwa ajili yake. Nilianza kufikiri kwamba tumeweza.

Kisha akafa. Hakufia mtoni, hakuangukia moto, yale yote niliyomlinda nayo. Alilala vizuri, na asubuhi nilipomwita hakuitika.

Unajua msibani lazima isomwe wasifu wa marehemu. Kijana mmoja wa ukoo, aliyesoma, alikuja na kalamu.

"Elimu yake, mama?"

"Alisoma nyumbani."

"Ndiyo, lakini shule gani?"

Nikarudia kwa sauti ndogo kwamba alisoma nyumbani. Kule makaburini akasoma mbele ya watu wote, "Marehemu hakubahatika kupata elimu." Watu wakaguna kwa huruma. Ni mama mkwe aliyesema kutoka kwa wanawake waliokaa chini, "Alibahatika! Alimjua aliyezikwa kwenye mkonge. Wewe unamjua?"

Kijana aliinama, akasoma mstari uliofuata. Na ule wa elimu ukabaki vilevile.

Mama mkwe naye hayupo sasa. Nimebaki mimi, na nitakuambia ukweli, mwanangu. Jina la yule kijana aliyezikwa Tanga, aliyelishika alikuwa Tumaini. Mimi siku ile nilikuwa nawaza basi la kurudi. Nimejaribu miaka mingi kulikumbuka, halinijii. Hakuna tena wa kumwuliza.

Basi nasaha yangu ni hii. Kama shule imeshindwa, mfundishe nyumbani, lakini usitegemee kwamba nyumbani kutamponya. Historia usingoje uipate dukani. Mpeleke kwa wazee wiki hii, mvua inyeshe au isinyeshe. Wakizungumza, kaa naye chini, usikilize na wewe, mwandike wanayosema, ili asiwe peke yake anayejua. Na mtu akikuuliza mtoto wako anasoma wapi, mjibu kwa sauti kubwa kuliko niliyojibu mimi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu ampe mtoto wako usingizi wa amani, na kila asubuhi ukimwita, aitike.