Buti la Mzee Sefu

Nimekuwa fundi magari hapa Kikuyu tangu enzi za foleni za sukari, na aibu hii nilijitafutia mwenyewe.

Mzee Sefu, mwenye duka la nafaka, aliingia gereji asubuhi akitokea Bahi na gari lake la kifahari la zamani, lile ambalo shokapu zake hulinyanyua kwa nguvu ya mafuta. Nyuma lilikuwa limelala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Litazame, fundi. Nakwenda kunywa chai."

Nikalibonyeza, gumu kama jiwe. Nikawasha injini, halikunyanyuka. Nikawatangazia mafundi wenzangu kwamba shokapu zimekufa, nikawapa na somo juu yake. Jeki ililia nilipolipandisha, nikailaumu jeki. Nikazifungua shokapu zote mbili, na hazikuwa zimevuja hata tone. Hapo ndipo nilipopaswa kufikiri, lakini nilishasema, na watu walikuwa wamenizunguka.

Buti sikuligusa. Miaka ya uhaba, watu walipokamatwa kwa kuficha bidhaa, tulizoea kutotazama buti la mfanyabiashara, maana usichokiona huwezi kuulizwa. Biashara ilishafunguliwa zamani, ila macho yangu yalibaki kule kule.

Saa sita mzee alirudi. Akaziona shokapu zake chini, akalifungua buti. Ndani mlikuwa na magunia manne ya mchele.

"Hukufungua humu?"

"Nilikuwa nakusitiri, mzee."

Akanitazama kwa huruma, mbele ya wote niliowapa somo.

"Unanisitiri na nani, mwanangu? Mchele siku hizi naupanga barazani."