Kijiko cha Muosha Vyombo

Mwaka juzi nilikwenda Kanada kumtazama mwanangu. Yeye ni mpishi kwenye mkahawa unaotia bangi katika chakula, tena kwa ruhusa ya serikali yao. Siku tatu nilikaa jikoni kwao nikinywa maji ya chupa niliyoifungua kwa mkono wangu. Niliporudi Maskati, mama akaniuliza mjukuu wake anapika nini huko. "Majani majani," nikamwambia, "kama kotmiri." Mungu anisamehe.

Lakini jambo moja la jikoni mle nililitamani sana. Kila siku, kabla ya kufungua mlango na kabla mchuzi haujatiwa hayo majani yao, wafanyakazi wote walipewa kijiko waonje. Muosha vyombo akisema ndimu haitoshi, mpishi mkuu anaongeza ndimu. Mimi nina mkahawa wa vyakula vya Kiunguja, mtaa wa Khuwair ya Kusini hapa Maskati, na muosha vyombo wangu, msichana wa Kiganda, sikuwahi kumuuliza chochote ila kama sahani zimekauka. Nikaona haya. Nikakianzisha kijiko na mimi.

Mama, ambaye ndiye mwenye jiko hata kama leseni ina jina langu, alikubali shingo upande. Sharti lake moja tu: biriani yake haionjwi na mtu.

Ukaingia Ramadhani, kijiko kikapumzika. Familia moja ya mtaa wa Qurum ikaagiza biriani ya futari, sufuria kubwa. Jikoni sote tumefunga isipokuwa yule msichana, ambaye ni Mkristo. Dini inamruhusu mpishi kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mama hataki kusikia. Mkono wake unajua, anasema. Alipokwenda kusali adhuhuri, nilidhani amesahau chumvi, nikatia. Kumbe alikuwa keshatia.

Alasiri msichana akaja na kijiko chake, akachota masala, akaonja kabla hatujamzuia.

"Mama, chumvi ni mingi."

"Nani kakuuliza?" mama akawaka. "Mie nnapika biriani hii tokea huyu bosi wako hajazaliwa! Rudi kwenye sinki, au nikurudishe kwa waliokuleta!"

Hayo si maneno ya mchezo. Viza yake iko mikononi mwetu, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Akakiweka kijiko chini.

"Unirudishe tu, mama. Lakini wageni wasile hii."

Nilimpenda palepale. Nikakiri kuhusu chumvi yangu, na mama akanitukana kwa lugha mbili, Kiswahili kwanza, kisha Kiarabu kilipohitajika. Tukapika masala mengine bila chumvi, tukayachanganya, tukaongeza mtindi na viazi. Mama akawa anamuuliza msichana bila kumtazama usoni.

"Sasa?"

"Bado, mama."

"Na sasa?"

"Sasa tamu."

Sufuria likaenda Qurum kwa wakati, nasi tukatandika busati jikoni kungoja adhana. Nilikuwa na furaha, nikicheka peke yangu kama mwehu. Adhana ilipoanza, mama akainua tende, akamwona msichana naye kaishika yake, anangoja kama sisi.

"Wewe si ulikula mchana?"

"Hapana, mama. Tangu mwezi uanze sijala mchana. Nyote mmefunga, nitakula aje peke yangu? Ni leo tu, kuonja kwa kijiko."

Mimi machozi yalinitoka, sifichi. Mama akaishusha tende yake, akamlisha yule msichana kwanza.

"Kesho hufungi, mwanangu," akamwambia. "Sinki tutalitafutia mtu mwengine. Wewe nnakutaka jikoni kwangu, uonje tokea asubuhi."

"Hata biriani, mama?"

"Biriani kwanza."