Kura Moja ya Uenyekiti

Siku ya kwanza ya udiwani wangu niliapa nikiwa na viatu vya kuazima. Vyangu vilikuwa vimejaa tope, kwa sababu gari lililotupandisha kutoka ziwani lilikwama mteremkoni, na abiria wote, waheshimiwa na wasio waheshimiwa, tulishuka tukasukuma. Karani mmoja wa kike pale Halmashauri alinionea huruma akanivulia vyake. Vilikuwa vikubwa. Nikashika Biblia, nikaapa kuitumikia kata yangu kwa uaminifu, huku nimebana vidole vya miguu ili viatu visinitoke mbele ya Mkurugenzi Mtendaji.

Ilikuwa miaka ile vyama vingi vimerudi, na wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda Mbinga na magari yao huku ushirika ukiwa taabani. Mambo mengi yaliyokuwa na mwenyewe mmoja sasa yaligombewa. Sisi wengine tuliingia siasa kwa mlango huo.

Nyinyi vijana mnaoniuliza diwani anafanya nini, jibu ni fupi: anasikiliza, halafu anasumbua. Wiki moja kabla ya Baraza unaletewa kabrasha, yaani lile bunda la mihtasari na taarifa za idara. Wenzangu wengi walilifungua wakiwa wameshakaa kitini. Mwenyekiti wangu wa kwanza, mtu mnene wa maneno machache, aliniita pembeni baada ya kikao changu cha pili.

"Mheshimiwa Sabina," alisema, "nimekuona unapigania hoja mpya. Acha. Hoja mpya kila mtu anaipenda. Wewe subiri kwenye yatokanayo."

Yatokanayo ni mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita. Hapo ndipo mkuu wa idara anapobanwa aseme daraja limefikia wapi na dawa zimekwama wapi. Nilifuata ushauri ule mpaka wakuu wa idara wakawa wananikwepa kwenye korido. Nikapelekwa Kamati ya Elimu, Afya na Maji, baadaye nikahamishiwa Kamati ya Fedha, ambako watu hukaa kimya zaidi na kupiga miayo zaidi.

Sasa niseme mimi ni nani, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Nilizaliwa mlimani, Mmatengo wa baba na mama, nikakulia kwenye ngoro, yale mashamba yetu ya vishimo mteremkoni, na mibuni, Mkatoliki. Nikaolewa ziwani, kusini ya Lituhi, na mwalimu Mwanglikana. Nilikuwa mkunga kwenye zahanati ya huko. Mungu hakutujalia watoto, na mume wangu alitangulia mapema, lakini sikuondoka. Nusu ya vijana wa kata ile niliwapokea kwa mikono hii. Nilipogombea udiwani, mama zao walinipa kura bila kuulizwa mara mbili. Hata hivyo nilikuwa nikiwasikia wakisema, "Yule ni mtu wa mlimani, lakini ni mzuri." Hilo lakini nilikaa nalo miaka yote.

Kwenye ukumbi wa Halmashauri madiwani wa ziwani walikaa upande wa madirisha, wa mlimani upande wa mlango. Mimi nilikaa katikati, karibu na nguzo. Wa ziwani walipotaniana kwa Kinyasa nilicheka nikiwa nimechelewa. Wa mlimani waliposemezana kwa Kimatengo walishusha sauti nikipita, wamesahau kwamba hiyo ndiyo lugha niliyonyonya kwa mama yangu. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema. Mtu anayeitwa Mheshimiwa kutwa nzima anaweza kumaliza mwezi hajasikia jina lake.

Mwenyekiti yule alipougua na kung'atuka, kiti kikawa wazi. Wengi hudhani mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na wananchi. Hapana. Madiwani humchagua mmoja wao. Na chama chenye madiwani wengi hupiga kwanza kura yake ya ndani kumpata mgombea, kwa hiyo siku ya Baraza mambo huwa yamekwisha, kinachobaki ni kuvishwa joho. Kampeni yake haina majukwaa wala vipaza sauti. Unawaendea wapiga kura wachache majumbani kwao, na kila mmoja anakutazama machoni.

Tulijitokeza wawili. Mwenzangu alikuwa Mzee Alois, mkulima wa kahawa, mjane kama mimi, mtu mgumu lakini mwenye haki. Mimi nilitaka kiti kile kwa moyo wote. Niliwaambia watu kwamba anatakiwa mwenyekiti anayejua mlimani na ziwani pia, na hilo lilikuwa kweli. Lakini ndani kabisa nilitaka kusikia upande mmoja, wowote ule, ukisema: huyu ni wetu.

Mpambe wangu, yaani yule anayetangulia kukusifia ili usijisifu mwenyewe, alikuwa Edmund, diwani wa kata jirani huko ziwani, mwenye mitumbwi na maneno matamu. Yeye ndiye aliyeleta shauri la mbasa.

"Dada, mlimani hakuna samaki," alisema. "Mtu akila mbasa wako wa kukausha, mnono kama huyu, atakusahau vipi?"

"Na sengu?" nikamuuliza.

Sengu ni desturi ya kwetu. Chakula cha kila nyumba hupelekwa uani kwa bambu, mkubwa wa ukoo, watu wote hula pamoja, kisha mambo huzungumzwa. Hata nyama ya kuwinda haikuliwa pembeni.

"Sengu ilishakufa, dada. Siku hizi kila mtu anakula kwake na mlango amefunga."

Nilikuwa nimeishi ziwani miaka mingi, na nilikuwa nimesikia hivyohivyo kutoka kwa wengine. Nikamwamini.

Tukapanda mpaka kwenye mgongo wa mlima nilikozaliwa, kwa sababu madiwani watatu walikuwa na nyumba zao pale. Tuliingia kwa mmoja mmoja. Kila mmoja tulimpa mbasa aliyefungwa vizuri kwenye jani la mgomba, na kila mmoja nilimwambia maneno ya kampeni, yale ambayo hata leo wagombea huyasema: "Wewe ndiye ninayekutegemea kuliko wote." Walishukuru, wakatabasamu. Edmund akaninong'oneza kwamba hapa kazi imekwisha.

Saa ya chakula cha mchana akaja mtu kutuita. Baba mkubwa, bambu wa ukoo wetu, anatuhitaji.

Tulipofika uani kwake tukakuta ukoo mzima umekaa kwenye mikeka. Sengu ilikuwa hai. Pengine kwingine ilikufa, lakini pale ilikuwa hai, na katikati ya mikeka, kati ya ugali na maharage, walikuwa wamepangwa mbasa wangu watatu, kila mmoja kwenye sahani yake, na madiwani wangu watatu wamekaa nyuma yao wakitazama chini.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, Sabina. Umefika lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Samaki wako wamekutangulia. Huyu anasema umemwambia unamtegemea kuliko wote. Na huyu naye. Na mama huyu naye. Sasa sisi tuliobaki, unatutegemea kiasi gani?"

Watu wakacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, ndicho kile ambacho watoto wa nyumba huchekwa nacho, na kwa dakika moja nilifurahi. Edmund, maskini, akataka kunisaidia.

"Mzee, kosa ni langu mimi. Mimi ndiye niliyemshauri."

"Wewe mwanangu huna kosa. Wewe ni mgeni. Mgeni huingia nyumba kwa nyumba kwa sababu hajui." Akanigeukia mimi. "Binti wa hapa huanzia hapa."

Ningesema nini, kwamba niliambiwa sengu imekufa? Baba mkubwa akaagiza tukaribishwe chakula. Mabinti wa ndugu zangu walikuwa wamekaa mkekani na miguu wameikunja, nami nikasogea nikae nao. Kijana mmoja akawahi na kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akaniwekea.

"Karibu kiti, Mheshimiwa."

Nilikula nikiwa nimekaa juu yao wote, pamoja na Edmund. Hakuna aliyenitukana. Mpaka leo sijui chakula kigumu kumeza kuliko kile.

Kosa hilo lilinigharimu mlimani, na mngedhani lingeniongezea ziwani. Wapi. Kabla hatujateremka habari ilishafika ufukweni, na ilifika ikiwa imevaa nguo nyingine: Sabina amekwenda kukaa sengu na ndugu zake. Madiwani wa ziwani wakaona wazi kwamba mtu amerudi kwao. Mwacha asili ni mtumwa, walisema, naye ameikumbuka asili yake. Wakakutana bila mimi. Edmund alikuwapo kwenye kikao hicho, naye ndiye shahidi pekee aliyejua nilivyokalishwa kule mlimani. Sikuambiwa alisema nini. Nilichoambiwa baadaye ni kwamba watu wa Mzee Alois walikuwa wameshamwahidi umakamu mwenyekiti.

Siku ya kura ya chama nilivaa gauni la kitenge nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Tuliandika majina kwenye vikaratasi, vikakusanywa kwenye boksi la chaki. Katibu wa Chama wa Wilaya, mtu mfupi mwenye miwani, akahesabu pamoja na wasaidizi wake, akahesabu tena, akasimama. Akasoma kura za Mzee Alois. Watu wakapiga meza. Halafu akakohoa.

"Mheshimiwa Sabina, kura moja."

Nilijua mkono ulioiandika. Nilikuwa nimeandika jina langu kwa herufi kubwa, kama nilivyokuwa nikiandika majina ya watoto kwenye kadi za kliniki, ili asitokee mtu wa kukosea.

Utaratibu unamtaka aliyeshindwa atoe neno la shukrani. Nikasimama, nikashukuru, nikampa Mzee Alois mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Edmund alikuwa anatazama dari.

Tulipotoka nje alinisubiri mlangoni.

"Dada, watu wabaya sana hawa. Lakini ujue ile moja ilikuwa yangu."

"Asante, kaka yangu," nikamwambia.

Kwenye ngazi nikamkuta yule mama diwani wa kwetu mlimani, aliyepelekewa mbasa. Alinishika kiwiko. "Usiwahesabu wote kundi moja. Ile ilikuwa ya kwangu." Nikashukuru. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimeshukuru watu wa madirishani na wa mlangoni. Hasira ilinipanda mwanzoni. Halafu nikaona kwamba kila aliyekuja na uongo ule alikaa nami kidogo, akaniuliza habari za afya, akaniita Sabina. Nikaacha kukasirika.

Nilitumikia mpaka mwisho wa kipindi na kingine kilichofuata. Mwenyekiti Alois aliongoza vizuri. Nilimsumbua kwenye yatokanayo kuhusu wodi ya wazazi ya kata yangu hadi siku moja akasema mbele ya Baraza zima, "Mkurugenzi, mjengee mama huyu wodi tupate kufunga kikao." Wodi ikajengwa. Edmund, akiwa Makamu, alikwenda kuifungua na kukata utepe.

Baadaye watu wa ziwani walipata wilaya yao, na kata yangu ikaenda nao. Halmashauri niliyoitumikia ikapata mpaka katikati, palepale nilipokuwa nakaa ukumbini, kati ya madirisha na mlango. Nyumba ya mume wangu wanaishi wapwa zake, na ngoro za baba yangu zinalimwa na wana wa kaka zangu, na kote huko nikienda nachinjiwa kuku. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema, lakini jembe hawanipi. Basi nimekaa hapa Mbinga mjini, kwenye vyumba viwili karibu na barabara, na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yananitikisia vikombe kabatini. Vijana wanaotaka udiwani hunijia kuuliza siri. Ninawaambia wasome kabrasha, wasubiri yatokanayo, na wakifika mahali waulize kwanza ni nani mkubwa wa uani. Wanaandika, wanaaga.

Mzee Alois alipostaafu naye alihamia mjini kwa mwanawe. Jumapili moja baada ya misa nilisikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake na pakiti ya kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Nilimkaribisha, nikabandika maji. Alikunywa nusu, kisha akaweka kikombe chini.

"Dada Sabina, kuna jambo nimetaka kukwambia miaka mingi."

Nikajua linalokuja. Nikaandaa asante yangu.

"Mimi sikukupigia kura," akasema. "Nilijipigia mwenyewe."

"Na mimi nilijipigia mwenyewe," nikamjibu.

Aliniangalia, akaelewa, akaanza kucheka taratibu mpaka akatoa leso. Nilicheka naye nikalia. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili. Tulikunywa kahawa, tukabishana juu ya halmashauri ya watu wengine, na hakuniita Mheshimiwa hata mara moja.

Tumemzika mwaka jana, kwao mlimani. Sasa nimebaki na wale wote walionipigia kura.