Rambirambi za Bwana Abdeali

Mejumaa alikuwa karani wa Bwana Abdeali, aliyeuza masanduku ya mbao yenye njumu, nakshi za shaba zilizopachikwa, pale mtaa wa Kibokoni. Alizaliwa Matuga, akajifunza kupiga taipu mjini, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa hiyo taipu na kuwakaribisha watalii. Mwaka wa tisini na tisa Bwana Abdeali alikwenda Karachi kumzuru dada yake Razia, akarudi na hamu mpya: duka lazima liwe na tovuti. Fundi aliyeitengeneza alipomaliza tu akahamia Dubai, tovuti ikabaki mikononi mwa Mejumaa.

"Dada Mejumaa," tajiri wake akamwambia siku moja, "tovuti za wenzetu zina kitabu cha wageni. Mtu akipita anaandika neno, wengine wanasoma. Na sisi tutie."

"Kinatiwaje, Bwana?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye kompyuta si wewe?"

Kumbe kitabu cha namna hiyo ni programu ya nyongeza. Yenyewe hukaa kwenye kompyuta za wenye programu ng'ambo, nawe unapachika mistari michache kwenye ukurasa wako ili ijitokeze hapo. Mejumaa alisoma maelezo mpaka kichwa kikamgonga. Alibadili rangi, maandishi yakapotea. Aliyarudisha maandishi, picha ya sanduku ikaruka juu ya jina la duka. Mwisho akatafuta ukurasa wa mtu mwingine ambao kitabu chake kilikwenda vizuri, akainakili mistari yake yote, akaipachika kwake. Akabadili alichoelewa: rangi ikawa kijani, kichwa kikawa "Karibu Kibokoni". Katikati palikuwa na namba ndefu asiyoijua kazi yake. Akaiacha.

Kitabu kikafunguka, na ajabu ni kwamba kilikuwa na salamu tayari. "Masanduku yako ni mazuri mno," mtu aliandika kwa Kiingereza.

"Unaona?" Bwana Abdeali akapiga makofi. "Wateja hao!"

Mejumaa alitaka kuuliza wateja hao wamepitia wapi, maana haujapita hata muda wa kunywa kikombe cha chai tangu kitabu kifunguliwe. Lakini mzee alikuwa amefurahi, naye akarudia taipu yake. Miezi ikapita, sifa zikazidi kumiminika.

Asubuhi moja Bwana Abdeali alikwenda kwenye ghala lake Mbaraki. Mejumaa akawasha kompyuta, akakutana na maneno haya: "Pumzika, fundi wetu. Mikono yako sasa imetulia." Chini yake: "Tumelia sana. Ulikuwa baba yetu sote."

Akasoma tena. Nani hufanya mzaha wa namna hii?

Mara mlango ukasukumwa. Aliingia Munazza, mke wa Bwana Abdeali, pumzi zikimpaa.

"Mejumaa! Razia amepiga simu kutoka Karachi, analia! Ameona kwenye tovuti yetu kwamba Abdeali amefariki! Yuko wapi mume wangu?"

"Ametoka sasa hivi, Bibi. Amekwenda Mbaraki."

"Una hakika?"

Mejumaa akafungua mdomo, na hapo akajikuta hana hakika. Alimwona akitoka, ndiyo. Lakini kama yuko hai, watu wote hawa wanamlilia nani? Na kama amekufa, wa ng'ambo wamepataje habari kabla ya Kibokoni? Akapiga simu ghalani. Hakuna aliyepokea. Munazza akaanguka kitini akiangua kilio, na kilio hakifichiki mtaani. Majirani wakajaa. Kamaludin wa duka la pili akaanza kutoa nje viti vya matanga.

Viti vilikuwa vimeshapangwa Bwana Abdeali alipotokea, ameshika furushi la bajia.

"Inna lillahi," akasema kwa upole. "Nani amefariki?"

Watu wakatazamana. Kamaludin akajibu, "Wewe."

Munazza alimrukia, akamshika mikono, uso, ndevu, huku akilia na kumgombeza. Naye Bwana Abdeali hakuelewa hata neno. "Nimefanya nini?" akawa anauliza. "Jamani, nimefanya nini?"

Walipotulia, Mejumaa akazisoma rambirambi moja moja, machozi yakimtiririka. Katika moja likatajwa jina: Lewis. Jina hilo alikuwa ameliona mahali. Akaurudia ukurasa alikonakili mistari, na pale juu palikuwa na picha ya mzee wa Kanada, fundi wa masanduku, imezungushiwa utepe mweusi. Namba ndefu, ambayo kumbe ndiyo iliyotambulisha kitabu ni cha nani, ilikuwa ile ile. Kitabu kilikuwa cha Lewis tangu mwanzo.

"Basi hata 'mazuri mno' haikuwa yetu?" akauliza Bwana Abdeali.

"Sijui, Bwana. Labda nyingine ni zetu. Zimechanganyika."

Kati ya rambirambi zilikuwamo dua ndefu za Razia na jamaa wote wa Karachi. Mejumaa aliwaandikia watu wa Lewis kuwaomba radhi. Binti wa marehemu, Cynthia, akajibu kwamba kwa miezi walishangaa ni nani wanaomuuliza baba yao bei ya masanduku ya njumu, naye baba alicheka akidhani wamepotea njia. Zile dua mama yake amezichapisha akazitundika ukutani. Hajui kuzisoma, ila hataki zifutwe.

Bwana Abdeali alisikiliza mpaka mwisho. "Mwandikie kwamba dua zile zilikuwa za baba yake," akasema.

Wiki iliyofuata Mejumaa alifungua kitabu kipya chenye namba yao wenyewe. Kilikuwa kitupu, cheupe. Akaandika salamu ya kwanza ili kisikae hivyo, kisha akaifuta, kwani hata kwa namba yao alikuwa hajui tena maneno yake yangesomewa wapi.