Maporomoko Yaliyomwita Zuhura

Nilipokuwa mtoto wa Mji wa Kale, mkubwa akikuita hukuuliza kuna nini. Uliitika "labeka" miguu iko njiani, na ukichelewa ni kofi. Mdogo wangu Zuhura alikuwa hodari wa hayo kuliko sisi sote, na mama akimsifu mbele za watu.

Siku hiyo tulivuka Feri na lori la mjomba, tukienda harusini huko ndani, Kwale. Katikati ya msitu lori likachemka. Mjomba hakushtuka, madereva wote wa njia ile walisimama pale, wakashuka na madumu hadi kwenye maporomoko kuchota maji ya injini na ya kunywa. Bibi yetu, mzaliwa wa upande huo, alitushika mikono kabla hatujateremka.

"Sikizani. Kule chini hakuitwi mtu jina. Na ukisikia waitwa, usiitike. Yale maji yana wenyewe."

Mama alibaki juu kwenye lori na vyakula. Kule chini palikuwa na giza la miti mchana kweupe, na maji yaliteremka taratibu kwenye jabali refu hadi kwenye dimbwi jeusi. Sisi wa mjini tulizoea maji ya kununua, ya madumu ya mkokoteni. Nilitamani kurudi.

Mara jabalini, mbele yetu, ambako hapakuwa na mtu, ikatoka sauti ya mama: "Zuhuraaa!"

"Labeka, mama!" Zuhura akaingia majini.

Nilifungua kinywa nimwite, nikakumbuka. Nikilitaja jina lake, nawapa wenyewe. Nikinyamaza, anakwenda. Bibi alijitupa na baibui lake, akamkamata nywele maji yakimfika kidevuni.

Mama alikuja mbio akilia. Ni yeye aliyeita, kutoka barabarani, ampe sambusa. Alisahau onyo la Bibi, na jabali likairudisha sauti yake kutoka upande wa pili.

"Sikukwambia?" Bibi alimwambia mama hilo tu.

Leo naujua mwangwi, na huenda wazee walioweka mwiko ule waliujua kabla yangu. Yale maji nimeshayasamehe. Uso wa Zuhura ndio unaonitisha hadi sasa: alikuwa anazama, wala hakuwa na hofu hata chembe, kwa kuwa alijua anakwenda kwa mama.